Washington kabla ya Marekani: kulifuata jina kutoka Durham hadi Essex

Jumatatu, Washington

Shemeji anaendesha malori, na kwake yeye Washington ni kituo cha mapumziko kwenye barabara kuu ya A1. Dereva anayeshuka na mzigo kutoka Scotland anasimama hapo, analala kidogo, anaoga, ananunua kahawa ya bei ya kuumiza roho, kisha anaendelea kusini. Miaka yote hiyo hakuwahi kutoka nje ya uzio wa kile kituo. Nilipomwambia kwamba jina la mji mkuu wa Marekani limetoka dakika chache tu kutoka pale anapoegesha lori, alicheka akaniuliza ni nani kanidanganya. Basi nikamwambia achukue likizo tukaone. Gari ni lake, petroli ni yangu.

Mji wenyewe haujitangazi. Sehemu kubwa ni mji mpya uliopangwa miaka ya 1960: mizunguko ya barabara, nyumba za matofali, maduka makubwa yenye maegesho makubwa kuliko maduka. Lakini ukifuata vibao vya kwenda kijijini unaingia mahali pengine kabisa. Kuna kanisa juu ya kilima kidogo, miti mikubwa, na chini ya kanisa nyumba ya mawe yenye umbo la herufi H. Hiyo ndiyo Washington Old Hall.

Washington lilikuwa jina la mahali kwanza. Wasaksoni walizoea kumalizia majina ya makazi yao kwa -ton, na wataalamu wa majina wanalisoma hili kuwa makao ya watu wa Hwæsa, bwana mmoja wa zamani ambaye amebakiwa na jina hilo tu. Kuna Washington nyingine huko Sussex, kusini, yenye chimbuko linalofanana na hili, lakini ukoo tunaoufuata sisi, ule wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani ambaye mji mkuu umepewa jina lake, ulianzia huku kaskazini.

Na ulianza kwa kubadilishana ardhi. Mwaka 1183 Askofu Hugh du Puiset wa Durham aliagiza mali zake ziandikwe, kijiji kwa kijiji, nani anaishi wapi na anadaiwa nini. Orodha hiyo, inayoitwa Boldon Book, inamtaja William de Hertburn. Alikuwa na kijiji cha Hartburn, upande wa Stockton-on-Tees ya leo. Akamwachia askofu kijiji hicho, naye akapewa Washington. Masharti yake yameandikwa: alipe pauni 4, na askofu akitoka kwenda kwenye uwindaji mkubwa, William afike na mbwa wanne wa mbio. Alipokwisha kuhamia huku akaacha kuwa William wa Hertburn, akawa William wa Wessyngton.

Mtindo huo wa kumtaja mtu kwa mji wake tunao pwani pia. Ukisikia Sheikh Uways al-Barawi, huna haja ya kuuliza kwao ni wapi, ni Barawa. Ila kwa Waingereza jina lile likaganda. Wajukuu wa William ambao hawakuwahi kukanyaga hapa waliendelea kuitwa Washington, na wajukuu wa wajukuu wao vilevile.

Kuhusu nyumba nisiwatie chumvi. Mengi unayoyaona ni ya karne ya 17, baada ya askofu mwingine wa Durham kuinunua mwaka 1613. Kilichobaki cha zama za kina Wessyngton ni kidogo, na kizuri zaidi ni matao mawili ya mawe kati ya jikoni na ukumbi. Nilisimama chini ya tao moja nikapapasa ukingo wake. Mawe hayalingani, moja limechomoza na lingine limezama, na pembe zimelika kwa mabega ya watu waliopita na masinia kwa mamia ya miaka. Shemeji akapita hapohapo akiwa ameinama bila sababu, maana tao lina nafasi tele.

Kisha kuna hadithi ambayo mimi naipenda kuliko ya William. Karne ya 19 jumba hili lilikatwakatwa vyumba, familia maskini zikapanga humo kwa wingi, hadi miaka ya 1930 serikali ya mitaa ikasema halifai kukaliwa na binadamu. Lilikuwa libomolewe. Aliyeliokoa ni mwalimu wa shule wa hapahapa, Fred Hill, aliyekusanya watu na pesa. Lilifunguliwa upya mwaka 1955, na mwaka 1977 Rais Jimmy Carter akaja mwenyewe kulitazama, akapanda mti kijijini. Shemeji alisoma maelezo hayo mara mbili. "Kumbe rais kafika," akasema, "na mimi nalala pale barabarani kama mgeni."

Jumanne, Durham

Kanisa kuu la Durham limekaa juu ya jabali, mto umelizunguka pande tatu. Watu huja kwa nguzo zake nene zilizochongwa mistari. Sisi tulipitiliza hadi kwenye ua wa ndani, ule wenye ushoroba ambamo watawa walikuwa wakitembea, tukitafuta bamba la ukumbusho la John Washington.

Huyu aliandikwa pia Wessington, na alikuwa mkuu wa watawa wa hapa kuanzia 1416 hadi 1446. Maandishi ya kwenye bamba yanasema tumkumbuke, kwa kuwa familia yake imejipatia jina la milele katika nchi ambazo yeye hakuzijua. Ni sentensi iliyotungwa na mtu aliyejua kutunga.

"Familia gani?" Shemeji akauliza. "Si mtawa huyu?"

Ni ya ukoo wake, si ya watoto wake. Hata hivyo swali lake lina maana. Kufikia wakati wa John, ule mstari mkubwa uliomiliki Washington ulikuwa umeishia kwa binti, Eleanor, aliyeolewa, na jumba likahamia kwa ukoo wa mumewe. Jina na nyumba vikaachana hapo. Jina likaendelea kwa matawi madogo, wana wa pili na wa tatu waliotoka kutafuta maisha kwingine.

Hizi ndizo zama ambazo majina ya ukoo yalikuwa yanashika mizizi kwa watu wa kawaida. Mabwana walikuwa nayo mapema, kwa sababu mwenye ardhi anahitaji kuonyesha kwamba ardhi ni ya baba yake. Mkulima hakuhitaji. Kilichosaidia kumbana ni karani. Mwaka 1377, 1379 na 1381 serikali ilitoza kodi ya kichwa, na huwezi kumdai kodi John katika kijiji chenye akina John kumi. Huyu akaandikwa Smith kwa kuwa ni mhunzi, yule Johnson kwa kuwa ni mwana wa John, mwingine kijiji alichotoka, mwingine nywele zake nyekundu. Zipo njia hizo nne na karibu kila jina la Kiingereza utalipachika katika mojawapo.

Tawi tunalolifuata lilivuka milima kwenda magharibi, likakaa Warton huko Lancashire, ambako ngao ya ukoo imechongwa kwenye jiwe la kanisa na bendera ya Marekani hupandishwa kila tarehe 4 Julai. Tulitaka kwenda, lakini Shemeji alipiga hesabu ya kilomita akasema hapana. Dereva akishasema hapana, abiria hana rufaa.

Jumatano, Selby

Siku fupi, mvua tangu asubuhi. Abasia ya Selby ilianzishwa mwaka 1069 na mtawa Mfaransa aliyeitwa Benedict, na mwaka 1906 moto uliiunguza vibaya. Tulichokifuata kiko juu mno, kwenye safu ya madirisha ya juu kabisa upande wa kusini wa sehemu ya kanisa wanakokaa wanakwaya. Ni ngao ndogo ya kioo cha rangi ya zama za kati. Bila darubini utaumwa shingo bure. Ukiipata ni rahisi kuitambua: uwanja mweupe, mikanda miwili myekundu ya kulala, na juu yake nyota tatu nyekundu.

Mchoro huohuo ndio bendera ya Washington D.C. tangu 1938. Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema hata bendera ya taifa la Marekani, nyota zake na mistari yake, imetoka kwenye ngao hii. Wenyeji hukwambia hivyo kwa raha sana. Mimi siinunui. Azimio la Bunge la Marekani la tarehe 14 Juni 1777 linataja mistari 13 na nyota 13 nyeupe kwenye uwanja wa buluu, kundi jipya la nyota, na hakuna neno hata moja kuhusu ukoo wa mtu.

Tulikula chipsi za samaki garini vioo vikiwa vimejaa ukungu, kisha tukateremka kusini.

Alhamisi, Sulgrave

Northamptonshire ni nchi ya mawe ya rangi ya asali na malisho yasiyo na mwisho. Kondoo wako kila mahali hadi leo, na hao kondoo ndio maelezo ya jumba la Sulgrave.

Lawrence Washington, kijana wa lile tawi la Warton, alikuja huku akaingia biashara ya sufu. Mama yake alitoka katika ukoo wa Kitson, wafanyabiashara wenye fedha, na kwa upande huo walikuwa na undugu na akina Spencer, mabwana wakubwa wa kondoo katika eneo hili. Mambo yakamnyookea. Akawa meya wa Northampton mwaka 1532, na tena 1545. Katikati ya vipindi hivyo viwili Mfalme Henry VIII alizifunga monasteri za Uingereza na kuuza ardhi yake. Sulgrave ilikuwa ya watawa wa Mtakatifu Andrew wa Northampton. Mwaka 1539 Lawrence akaenda kuinunua kwa mfalme, pauni 324 na ushei.

Nikawa namfikiria yule John wa Durham, aliyetawala watawa miaka 30. Chini ya karne moja baada ya kifo chake, mtu mwenye jina lake anajenga nyumba juu ya mali iliyonyang'anywa watawa. Sidhani kama Lawrence alikosa usingizi. Sufu ilikuwa inalipa.

Nyumba si kubwa kama nilivyotarajia. Ni ya mtu aliyefanikiwa, haina makuu ya mtawala. Kwenye mlango wa mbele kuna ukumbi mdogo wa kuingilia, na kwenye pembe za upinde wake zimechongwa zile nyota tatu na mikanda miwili. Juu zaidi kuna alama za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kwa hiyo mgeni akibisha hodi anaona kwanza kwamba mwenye nyumba ana ukoo, halafu kwamba ana utii. Mpangilio wa mfanyabiashara huo. Ndani, ukumbi mkuu una sakafu ya mawe iliyokwaruzwa na dari ya chini, na mama mzee aliyekuwa zamu alituruhusu kukaa kwenye benchi wakati watalii wengine wakipita. Aliposikia tunazungumza Kiswahili akauliza tumetoka wapi. Nilimwambia Kisumu, nikaongeza kwamba darasani kwetu palikuwa na akina Washington wawili, na wote wawili hilo lilikuwa jina la kwanza. Hakuamini. Nikamweleza kwamba Nyanza mtoto anaweza kubatizwa Washington kama wengine wanavyobatizwa Peter, na hakuna anayeshangaa. Akaita mwenzake aje asikie.

Kanisani, hatua chache kutoka hapo, Lawrence amelazwa tangu 1584 pamoja na mkewe Amy. Walizaa wana 4 na mabinti 7. Mjukuu aliuza Sulgrave pamoja na baba yake baada ya utajiri kuyeyuka, na jumba likapita mikono mingine hadi kuwa nyumba ya shamba. Mwaka 1914, Waingereza na Wamarekani walipotaka kuadhimisha miaka 100 ya amani kati yao, likanunuliwa kwa michango, likafunguliwa kwa wageni mwaka 1921.

Je, George Washington mwenyewe aliyajua haya? Mwaka 1791 Isaac Heard, mkuu wa ofisi ya ngao za koo huko London, alimwandikia akiulizia nasaba yake. George, wakati huo rais, alijibu mwaka uliofuata kwa adabu, akatoa alichonacho, na akakiri kwamba jambo hilo halijamshughulisha sana. Alikuwa na nchi changa mkononi. Na kusema kweli, mtu aliyeongoza vita dhidi ya mfalme wa Uingereza angefaidika nini kuthibitisha kwamba babu yake alinunua ardhi kwa mfalme wa Uingereza?

Ijumaa, Great Brington

Asubuhi tu. Kijiji kiko karibu na Althorp, makao ya akina Spencer, na ndani ya kanisa la Mtakatifu Mary wenyewe hao Spencer wamejaa kwa makaburi ya marumaru ya kutisha kwa fahari. Washington yuko sakafuni. Ni bamba la jiwe lenye ngao ileile, la Lawrence mjukuu, aliyefariki Desemba 1616. Tahajia yake ni ya zamani, herufi u imeandikwa v, na inasema bila kuficha kwamba alikuwa na wana 8 na mabinti 9.

"Kumi na saba," akasema Shemeji. Akatulia. "Ndiyo maana shamba liliuzwa."

Nimesoma kurasa nyingi za wanahistoria kuhusu kuanguka kwa akina Washington wa Sulgrave na sijaona maelezo mafupi kuliko hayo.

Jumamosi, Purleigh na Maldon

Essex, tambarare, anga kubwa, harufu ya matope ya bahari. Mmoja wa wale 17 aliitwa Lawrence pia, maana ukoo huu haukuwa na ubunifu wa majina ya kwanza. Alizaliwa 1602, akasoma Oxford, na mwaka 1632 akapewa parokia ya Purleigh, yenye kipato kizuri. Kanisa lake liko juu ya kilima, baa ya kijiji iko mlangoni kabisa, na ujirani huo ulimponza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa upande wa Bunge, walikuwa wakiwang'oa makasisi wa upande wa mfalme. Mwaka 1643 wakamng'oa Lawrence kwa shtaka la kushinda vilabuni. Wapo waliomtetea wakati ule, wakasema ni mtu mwenye kiasi. Nionavyo mimi kosa lake lilikuwa siasa, pombe ilikuwa kisingizio. Akaishia parokia ndogo maskini, akafa mwaka 1653, akazikwa Maldon.

Kijana wake John hakuwa na cha kurithi. Akaingia baharini kama ofisa wa meli ya Sea Horse ya London, iliyokwenda Virginia kuchukua tumbaku. Mwanzoni mwa 1657 meli ikakwama mtoni Potomac wakati wa kurudi na ikazama na shehena yake. Ilipoinuliwa, John akachagua kubaki. Akamwoa Anne Pope, binti wa mwenye mashamba, akapata ardhi. George, aliyezaliwa 1732, ni kitukuu chake.

Ardhi ile ililimwa na watumwa. George alipofariki mwaka 1799 kulikuwa na watumwa 317 kwenye mashamba yake ya Mount Vernon, na 123 kati yao walikuwa mali yake mwenyewe. Wosia wake uliwaacha huru hao 123. Hakuzaa mtoto. Kwa hiyo jina halikushuka kwake kwa damu, na hata hivyo sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina la ukoo Washington, na asilimia 90 kati yao ni Weusi. Wengi wao hawana uhusiano wowote na mashamba ya Mount Vernon. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, mtu huru alihitaji jina la pili, na hilo lilikuwa linajulikana kila mahali.

Maldon ni mji wa chumvi. Mashapo ya bahari, maji ya chumvi yanayochemshwa kwenye sinia pana, na chembe zake nyembamba kama magamba zinazouzwa kwenye vijisanduku hadi Dubai. Ndani ya kanisa la Watakatifu Wote kuna dirisha la rangi la kumkumbuka yule kasisi, lililotolewa mwaka 1928 na watu wa Malden, Massachusetts. Nilipolisoma jina la mji huo nikakumbuka Malden nyingine, ya West Virginia, nao ni mji wa chumvi. Huko ndiko alikokulia Booker, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856.

Nilimsimulia Shemeji tukiwa gatini, mbele ya mashua za kale zenye matanga mekundu. Baba wa kambo wa Booker alifanya kazi kwenye matanuri ya chumvi, na mapipa yake yalitiwa alama ya 18. Namba hiyo ndiyo kitu cha kwanza mtoto yule kujua kusoma. Alipoingia shule, mwalimu akaanza kuita orodha, na Booker akagundua kwamba wenzake wote wana majina mawili, wengine matatu. Yeye alikuwa Booker basi. Zamu yake ilipofika akajibu kwa utulivu: Booker Washington. Baba yule wa kambo jina lake la kwanza lilikuwa Washington. Baadaye mama yake alimwambia kwamba alikuwa amempa pia jina la Taliaferro, akaliweka katikati, na Booker T. Washington ndiye aliyekuja kuongoza chuo cha Tuskegee, Alabama, kuanzia 1881. Elimu ya kazi za mikono aliyoihubiri ilifika mpaka kwetu, Jeanes School ya Kabete, mwaka 1925.

"Kwa hiyo alilichukua tu," akasema Shemeji.

Nikamwambia William naye alilichukua tu. Alitoka Hartburn akiwa na jina jingine, akahamia kwenye kijiji cha watu wa Hwæsa ambao hawakuwa chochote kwake, akajiita kwa jina lao. Anayesema akina Washington wa Alabama au Chicago wameazima jina aanze kwanza na huyo wa 1183.

"Lakini William alipewa kijiji. Mtoto wa chumvi alipewa nini?"

Alipewa ruhusa ya kwenda shule kwa sharti la kuamka mapema, kufanya kazi kwenye tanuri mpaka saa tatu asubuhi, kisha darasani, kisha arudi kazini kwa saa mbili nyingine angalau.

Shemeji aliwaza kidogo. Akasema hiyo ni zamu mbili kwa siku moja, na kwamba kwa sheria za madereva wa malori Uingereza mwajiri angepigwa faini.